Mwenye nyumba ana madeni, wewe ni mpangaji: hatua za kufuata Lubumbashi

Maswali ni yale yale kila mwezi. Huissier, ofisa anayepeleka na kutekeleza hati za tribunali, amepiga hodi, ameacha karatasi ya Kifaransa: nimpe yeye pesa ya nyumba? SNEL (kampuni ya umeme) wamekata umeme kwa deni la miaka iliyopita: nililipe mimi? Mtu nisiyemjua amekuja na certificat d'enregistrement (hati ya umiliki) mkononi, anasema mwenye nyumba alimkopa akashindwa kulipa: nihame? Mwongozo huu ni wa mpangaji wa Lubumbashi, awe na nyumba nzima kule Golf au vyumba viwili vya annexe ndani ya parseli ya Katuba.

Deni la mwenye nyumba si lako. Lakini pesa unayompa kila mwezi ni mali yake, na wanaomdai wana njia ya kisheria ya kuichukua kabla haijamfikia. Kwa hiyo kazi yako ni mbili tu: usilipe mara mbili, na usiache kulipa. Anayeacha kulipa kwa sababu "mwenye nyumba ana matatizo" anajitengenezea deni lake mwenyewe, na hilo ndilo litakalomtoa nyumbani.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kontra ya nyumba iliyosainiwa na pande zote mbili na kupitishwa kwenye service de l'habitat, ofisi ya mambo ya nyumba, ya komini yako. Muhuri na tarehe ya komini vina uzito kuliko watu wengi wanavyofikiri: vinathibitisha kwamba kontra ilikuwepo kabla ya deni kuanza kudaiwa. Kontra iliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari bila muhuri, mdai anaweza kusema iliandikwa jana usiku. Kama yako haina muhuri, nenda komini wiki hii, usingoje huissier.

Risiti za miezi yote, zikionyesha mwezi unaolipiwa, kiasi na sahihi. Unayelipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, hifadhi ujumbe wa kila malipo, upige picha, na mara moja kwa miezi mitatu uuchapishe. Simu ikiibiwa kwenye soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, ushahidi wako umekwenda nayo.

État des lieux, karatasi ya hali ya nyumba, ya siku uliyoingia, yenye namba zilizosomeka siku hiyo kwenye mita ya umeme na ya maji.

Orodha ya vitu vyako vya thamani pamoja na faktire: friji, televisheni, jenereta, pompu, mashine ya kushona. Andika namba ya serie iliyo nyuma ya kila kifaa.

Daftari moja la kuandika nani alikuja, siku gani, saa ngapi, alisema nini, aliacha karatasi gani.

Hatua

1. Jua anayedai ni nani

Kuna wadai wa aina nne, na kila mmoja ana njia yake. Kampuni ya maji au umeme inaweza kukata huduma. Serikali ya mkoa inaweza kudai kodi ya mapato ya nyumba, ile inayoitwa IRL. Benki au mtu mwenye hukumu ya tribunali anamtuma huissier. Wa mwisho ni mkopeshaji wa mtaani, Banque Lambert, aliyepewa karatasi za nyumba kama rehani. Huyu ndiye mwenye makelele mengi kuliko wote, na mara nyingi ndiye mwenye haki chache kuliko wote mbele yako.

Ukishamjua, usimwite mwenye nyumba kwa hasira. Mpigie kwa heshima, "Papa, kuna karatasi imefika hapa, naomba tuonane", kisha mwandikie barua fupi yenye habari hiyo hiyo na umwombe asaini nakala yako. Wengi hawajui kwamba wadai wameshafika mlangoni kwa mpangaji. Wengine wanajua na wanaficha. Barua inakulinda katika hali zote mbili.

2. Soma karatasi ya huissier kabla ya kusema neno

Hati halali ya huissier ina sura yake. Inaanza na tarehe kwa maneno: "L'an deux mille…, le … jour du mois de…". Inafuata "À la requête de", na hapo ndipo jina la mdai lilipo. Kisha "Je soussigné", na jina la huissier pamoja na tribunali anayofanyia kazi. Chini utaona "Dont acte", gharama ya hati na sahihi. Hati inapaswa pia kutaja hukumu au karatasi inayompa haki ya kukamata, pamoja na kiasi cha deni.

Kikikosekana kimoja, andika kwenye daftari na umuulize hapo hapo. Mwombe akuonyeshe kadi yake ya kazi. Wanaojifanya huissier wapo, na kawaida dalili yao ni moja: wanataka pesa taslimu leo.

Unaposaini, andika "pour réception" (nimepokea), tarehe na saa. Usiandike "lu et approuvé", yaani nimesoma na kukubali. Kupokea karatasi hakukufanyi mdaiwa, ila maneno hayo yamewahangaisha watu wengi mbele ya hakimu.

3. Jibu saisie (hati ya kukamata mali) kwa ukweli, bila kuchelewa

Hii ndiyo hatua inayoharibika mara nyingi, kwa hiyo isome polepole.

Kongo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za biashara za pamoja, tangu 2012, na taratibu za kukamata mali ya mdaiwa zinafuata sheria zake. Kama juu ya hati imeandikwa "saisie-attribution de créances", maana yake mdai anakamata pesa ya nyumba ikiwa bado mikononi mwako. Kisheria wewe unaitwa "tiers saisi". Tangu dakika hiyo, kiasi kilichokamatwa usimpe tena mwenye nyumba. Ukimpa, unaweza kulazimishwa kulipa mara ya pili kwa mdai.

Huissier atakuuliza una deni gani kwa mwenye nyumba. Lazima ujibu. Kama amekukuta wewe mwenyewe, jibu hapo hapo na uhakikishe jibu limeandikwa kwenye hati. Kama hati iliachwa kwa jirani au kwa mtoto, usipitishe siku tano. Peleka jibu la maandishi kwenye ofisi yake na urudi na nakala yenye muhuri. Kunyamaza, kuchelewa au kudanganya kunaweza kukufanya uhukumiwe kulipa deni lenyewe la mwenye nyumba. Hapo tu ndipo deni lake linapogeuka kuwa lako.

Jibu lenyewe ni fupi. Kwa Kifaransa linaweza kuwa hivi: "Je suis locataire suivant contrat du… Le loyer mensuel est de… Il est payé jusqu'au mois de… Le bailleur détient une garantie de…" Yaani: mimi ni mpangaji kwa kontra ya tarehe fulani, pesa ya nyumba kwa mwezi ni kiasi fulani, imelipwa mpaka mwezi fulani, na mwenye nyumba ameshika garanti ya kiasi fulani. Ambatanisha nakala ya kontra na ya risiti ya mwisho. Kama ulilipa miezi sita mbele kabla ya saisie, sema hivyo na uonyeshe risiti: mdai anakamata kile ambacho bado hujalipa. Ila usithubutu kutengeneza risiti yenye tarehe ya nyuma ili kumsaidia mwenye nyumba. Hilo ni kosa la faux en écritures (kughushi maandishi), na jela atakayeingia ni wewe.

4. Usimlipe huissier siku ya kwanza

Saisie inazuia pesa. Haimaanishi umkabidhi mara moja. Mdai ana siku nane za kumjulisha mwenye nyumba kwa hati, la sivyo saisie inaanguka. Naye mwenye nyumba ana muda wa kwenda kupinga tribunalini. Unamlipa mdai pale tu unapopewa kimojawapo: karatasi ya greffe (masijala ya tribunali) inayothibitisha kwamba hakuna aliyepinga, uamuzi wa hakimu, au maandishi ya mwenye nyumba mwenyewe kwamba hapingi.

Wakati unangoja, pesa ya kila mwezi iweke kando nzima. Usiile. Ikifika zamu ya kulipa, dai quittance (risiti) inayotaja mwezi na inayosema umelipa "en l'acquit de", yaani kwa niaba ya, mwenye nyumba wako. Kwa mwenye nyumba, karatasi hiyo ni sawa na risiti yake mwenyewe: hawezi kudai mwezi huo tena. Pesa ya nyumba ni ya kila mwezi, basi unaendelea hivyo kila tarehe ya malipo mpaka upewe mainlevée, karatasi ya kuondoa saisie, au deni liishe.

5. Maji na umeme

Deni la SNEL au la REGIDESO (kampuni ya maji) limeandikwa kwa namba ya mteja, na mara nyingi mteja ni mwenye nyumba au hata marehemu baba yake. Mpangaji anayeingia leo hapaswi kulipa matumizi ya kabla ya siku yake. Namba za mita kwenye état des lieux ndizo zitakazogawanya: zilizo juu ya namba hiyo ni zako, zilizo chini si zako.

Ukishakatiwa, hoja haiwashi taa. Fanya hivi. Nenda ofisi ya kampuni na faktire ya mwisho, uombe relevé ya deni lote mwezi kwa mwezi. Omba échéancier ya kulipa kidogo kidogo. Kisha uandikiane na mwenye nyumba makubaliano kwamba unachotanguliza kinakatwa kwenye pesa ya nyumba. Mfano: nyumba ni dola 150 kwa mwezi, deni la zamani ni dola 300. Mnaandika kwamba utalipa dola 75 kwenye kampuni na dola 75 kwa mwenye nyumba, kwa miezi minne. Wote mnasaini, na faktire zilizolipwa unamkabidhi nakala.

Lipa kwenye kaunta au benki ya kampuni tu. Agenti aliyepanda nguzo na ngazi yake hapokei pesa, hata kama ana ordre de mission (karatasi ya kutumwa kazini). Na usikubali mtu akuungie waya kwa siri baada ya kukatwa: fraude inaandikwa kwa aliyekutwa anatumia, na faini inaweza kuzidi deni lenyewe.

Katika parseli yenye nyumba nne na mita moja, kaeni pamoja mapema. Jirani mmoja akikataa kuchanga, wote mnabaki gizani. Njia inayodumu ni kila nyumba kuomba mita yake ya prépaiement (ya kulipa kabla). Inagharimu mwanzoni, lakini deni la jirani na la mwenye nyumba halikufuati tena.

6. Kodi ya IRL

Kodi hii ni ya mwenye nyumba, inalipwa juu ya pesa anayopata kwa kupangisha, na msingi wake ni sheria ya mwaka 1969. Huku Haut-Katanga inakusanywa na DRHKAT, ofisi ya mapato ya mkoa. Sheria inaruhusu ikatwe kwa mpangaji kabla pesa haijafika kwa mwenye nyumba, na ofisi ya kodi inaweza kukutumia avis à tiers détenteur, hati inayofanya kazi karibu sawa na saisie.

Ukipewa, omba note de perception yenye kiasi na akaunti ya benki. Lipa benki, kamwe usilipe mkononi. Kiasi ulicholipa unakikata kwenye pesa ya nyumba ya mwezi huo, na nakala ya bordereau ya benki unampa mwenye nyumba. Kama bado huna deni kwake kwa sababu umelipa mbele, wajibu kwa barua na uambatanishe risiti. Usikimbie maagenti: mlango uliofungwa ndio unaowekewa scellés (mihuri ya kuufunga).

7. Vitu vyako vikiandikwa kwenye orodha ya saisie

Inatokea sana pale mwenye nyumba anapoishi parseli moja na wewe. Huissier anaandika kila anachokiona, na friji yako inaingia. Usipigane, usifiche kitu usiku. Kuhamisha kitu kilichokwisha kuandikwa ni kosa. Mwambie aandike kwenye procès-verbal (ripoti yake) kwamba kitu hiki ni cha mpangaji, na mwonyeshe kontra na faktire. Akikataa, sheria inakupa njia ya kumwomba hakimu akitoe kitu chako kwenye saisie: inaitwa action en distraction. Lazima ifanywe kabla ya siku ya kuuza.

Huna faktire kwa sababu ulinunua sokoni? Muuzaji anaweza kukuandikia attestation yenye jina la kifaa na namba ya serie. Picha za zamani zinazoonyesha kifaa hicho ndani ya chumba chako husaidia, na karatasi ya garanti ya kiwandani pia.

8. Nyumba ikiuzwa au ikichukuliwa

Benki yenye hypothèque (rehani ya nyumba iliyosajiliwa) kwa kawaida hupita saisie immobilière, kukamata nyumba yenyewe: kwanza commandement (amri ya kulipa) kwa mwenye nyumba, kisha matangazo, kisha mnada. Mpangaji huona affiche ukutani kabla ya mnada. Tangu commandement inapowekwa kwenye ofisi ya titres immobiliers, pesa ya nyumba nayo inahesabiwa kuwa ya wadai, kwa hiyo ukiona affiche muulize huissier kwa barua: nimlipe nani kuanzia sasa?

Mnunuzi mpya hakutoi kwa sababu tu amenunua. Kontra yenye tarehe iliyothibitishwa inaendelea naye, na akitaka uondoke anakupa préavis (taarifa ya mapema) kama mwenye nyumba mwingine yeyote. Ukiwa na duka au ofisi, sheria ya OHADA ya biashara inasema wazi kwamba mwenye nyumba mpya anachukua nafasi ya wa kwanza moja kwa moja.

Anayedai ni mwenye nyumba mpya, dai aonyeshe certificat d'enregistrement yenye jina lake. Certificat yenye jina la mwenye nyumba wako, ikiwa tu mikononi mwa mkopeshaji, haimpi umiliki wala haki ya kupokea pesa yako. Ukiwa na shaka, andika ombi kwa conservateur des titres immobiliers (msajili wa hati za ardhi) wa circonscription foncière yenu ujue jina lililosajiliwa.

Hakuna anayetolewa nyumbani bila hukumu ya tribunali inayotekelezwa na huissier. Hukumu hiyo haitekelezwi usiku wala Jumapili bila ruhusa maalum ya hakimu. Askari wawili na vijana wa mtaani si hukumu.

9. Okoa garanti yako

Sheria n° 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inaweka kikomo cha miezi mitatu kwa garanti, amana unayoweka kwa mwenye nyumba, ya nyumba ya kukaa. Watu bado wanadaiwa zaidi ya hapo, na kila mwezi wa ziada ni pesa unayomkopesha mtu mwenye madeni. Mwenye nyumba akikubali, "kuleni garanti": andikeni kwamba miezi fulani inayokuja inalipwa kwa garanti. Andikeni kabla ya saisie. Baada ya saisie, makubaliano hayo hayana nguvu mbele ya mdai, na ukijikatia mwenyewe utaonekana umekataa kulipa. Nyumba ikiuzwa, hakikisha garanti imetajwa kwenye karatasi za mauzo, au umwandikie mnunuzi mapema na nakala ya risiti yake.

10. Anza service de l'habitat, kisha tribunali

Mgogoro wa nyumba unaanzia komini. Service de l'habitat inawaita wote wawili, mnajaribu kupatana. Ikishindikana, dai procès-verbal de non-conciliation, karatasi ya kwamba hamkupatana. Bila hiyo tribunal de paix inaweza kukurudisha. Huna uwezo wa avoka, uliza Bureau de consultations gratuites (ofisi ya ushauri wa bure) ya Barreau, chama cha maavoka, au chukua défenseur judiciaire, mtetezi wa tribunalini asiye avoka, ambaye kwa kawaida bei yake ni ya chini.

Ikikwama

Watu wawili wanadai pesa ya mwezi mmoja. Usimchague mmoja. Waandikie wote kwamba pesa ipo na unangoja waonyeshe haki yao, kisha omba msaada wa défenseur uiweke kwenye greffe kwa consignation. Risiti ya greffe inakulinda.

Mwenye nyumba anakutisha: "Ukimlipa huissier, unatoka." Mpe nakala ya hati na umweleze kwamba anayeweza kuiondoa saisie ni yeye, kwa kulipa au kupinga tribunalini. Kisha endelea na hatua ya 4.

Mwenye nyumba haonekani, simu imezimwa. Peleka barua kwa mkubwa wa familia yake na nakala kwa chef de quartier, na pesa ya nyumba iendelee kuwekwa kando kila mwezi kwa tarehe yake.

Umeitwa polisi kwa deni la mwenye nyumba. Nenda, na kontra na risiti zako, na usiende peke yako. Deni la pesa si kesi ya jinai, na la mtu mwingine ndiyo kabisa. OPJ (ofisa wa polisi anayeandika kesi) akikuwekea mbele acte d'engagement inayosema utalipa, usisaini, hata akikuambia ni ya kumaliza mambo tu. Sema utaleta défenseur wako.

Umekwisha kulipa mara mbili. Kusanya risiti zote mbili, mwandikie mwenye nyumba kwamba mwezi huo utahesabiwa kwa mwezi unaofuata. Akikataa, komini. Kama saisie bado ipo, mjulishe huissier kabla ya kukata chochote.

Service de l'habitat inakuzungusha, kila siku "rudi kesho". Peleka ombi kwa maandishi, nakala moja ipigwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Ukiwa na muhuri huo, défenseur anaweza kumwonyesha hakimu kwamba ulijaribu.